Kipandikizi cha Jino: Kwa Nini Hushindwa na Mgonjwa Afanye Nini

Skrubu iliyotolewa kwenye taya baada ya kipandikizi kushindwa mara nyingi huwa nzima kabisa. Haikupinda, haikuoza, haikupata kutu. Kilichokufa ni mshikamano wake na mfupa. Mgonjwa anayelijua hili ataelewa kwa nini anakatazwa mahindi ya kuchoma wakati hasikii maumivu yoyote, kwa nini daktari anataka eksirei ya jino lisilouma, na kwa nini ufizi unaotoa damu kidogo kila asubuhi si jambo la kungoja mwezi ujao.

Kipandikizi kina sehemu tatu. Ya kwanza ni skrubu ya titaniamu inayozama ndani ya taya, kwa kawaida yenye unene wa milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Ya pili ni kiungio, kipande kifupi kinachopita kwenye ufizi. Ya tatu ni taji, yaani lile jino linaloonekana mtu akicheka. Kiungio hufungwa kwenye skrubu kubwa kwa skrubu nyingine ndogo sana, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kwa hiyo mtu akisema "jino langu limelegea", swali la kwanza ni: kimelegea kipande kipi? Taji au skrubu ndogo ikilegea, kazi ya kurekebisha inaweza kuwa ya dakika chache. Skrubu kubwa ikilegea, hicho kipandikizi kimekwisha.

Wiki ya tatu, pasipo na maumivu

Titaniamu ina tabia ambayo metali nyingi hazina: mfupa huikubali. Msweden Per-Ingvar Brånemark aliliona hilo mwaka 1952, alipotaka kutoa vifaa vya titaniamu alivyopachika kwenye mifupa ya sungura akakuta havitoki. Mgonjwa wa kwanza aliwekewa meno ya namna hiyo mwaka 1965.

Lakini mfupa haushiki siku ya upasuaji. Siku hiyo skrubu inakaa kwa kubanwa tu, kama msumari kwenye ubao. Baadaye mwili huanza kuuondoa ule mfupa uliobanwa na kuumizwa, huku ukijenga mpya polepole. Kuna kipindi, takriban kati ya wiki ya pili na ya nne, ambapo wa zamani umeshapungua na mpya haujakomaa. Ndicho kipindi ambacho kipandikizi ni dhaifu kuliko hata siku kilipowekwa.

Na ndicho kipindi ambacho mgonjwa anajisikia mzima. Uvimbe umekwisha, nyuzi zimetolewa, anaona hakuna sababu ya kuendelea na uji. Skrubu ikichezacheza kwa zaidi ya mikromita 100 hadi 150, ambao ni kama unene wa karatasi moja ya daftari, mwili huacha kujenga mfupa na kuizungushia kovu. Kovu halishiki skrubu. Miezi mitatu baadaye daktari anakuja kufunga taji, anakuta kila kitu kinazunguka, na mgonjwa anaapa kwamba hakuumia hata siku moja. Anasema kweli.

Basi weka alama kwenye kalenda. Kwa wiki sita za mwanzo tafuna upande mwingine, na chakula kiwe cha kukatika kwa ulimi au kwa kijiko. Dodoma hilo si gumu: ugali laini wa uwele au mtama kwa mlenda ni chakula kizuri sana kwa mgonjwa huyu, ukipoa kidogo. Uji, maharage yaliyoiva sana na kupondwa, ndizi, mayai, samaki asiye na miba. Nyama choma ya mbuzi, karanga, bisi, miwa, kashata na mahindi ya kuchoma ving'oje. Ubuyu una hatari yake: mtu hudhani anamumunya tu, kumbe kila punje ni jiwe dogo linalosukumwa huku na huku na ulimi.

Taya la chini huhitaji takriban miezi 3 kabla ya kubeba taji. La juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, huhitaji miezi 4 hadi 6. Vipandikizi vya kisasa vyenye uso uliokwaruzwa vinaweza kubeba mapema zaidi, lakini uamuzi huo ni wa daktari aliyehisi kwa mkono wake jinsi skrubu ilivyobana. Usimharakishe kwa sababu ya harusi.

Yanayoamuliwa kabla ya sindano ya ganzi

Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika huanza kunywea. Karibu nusu ya upana wake huweza kupotea ndani ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya hiyo hupotea katika miezi mitatu ya kwanza. Mtu aliyekaa na pengo miaka kumi anaweza kuwa na ukingo mwembamba kama kisu, na skrubu ikilazimishwa humo hutokeza upande mmoja. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: kila upande wa skrubu unatakiwa ubaki mfupa wa angalau milimita 1, na 1.5 ni bora. Skrubu ya milimita 4 inataka ukingo wa milimita 6 hadi 7. Kutoka kwenye jino la jirani iache milimita 1.5, kutoka kipandikizi kingine milimita 3, na juu ya mshipa wa fahamu wa taya la chini milimita 2.

Eksirei ya kawaida haionyeshi upana. Inaonyesha urefu tu, kama picha ya ukuta iliyopigwa kutoka mbele. Kwa magego ya chini na kwa taya la juu karibu na ule uwazi wa hewa ulio kando ya pua (sinasi), omba skani ya pande tatu, kisha mwambie daktari bila woga: "Daktari, naomba unionyeshe upana wa mfupa wangu kwa milimita." Daktari mzuri hufurahi kuulizwa hivyo.

Muulize pia anaupooza mfupa kwa kitu gani wakati wa kutoboa. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu, chembe zake hufa, na skrubu itakayowekwa hapo haitashikwa na kitu. Jibu linalotakiwa ni maji tasa ya chumvi, kama yale ya dripu, yanayomiminika muda wote, pamoja na keekee zenye makali. Maji ya bomba hayafai hata kidogo.

Sasa upande wako. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona na kukaribisha usaha. Peleka majibu ya kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, yasiyozidi miezi mitatu; chini ya asilimia 7 ni vizuri, na ikipita 8 madaktari wengi huahirisha hadi sukari itulie. Sigara hubana mishipa midogo ya damu inayotakiwa kulisha mfupa mpya, na wavutaji hupoteza vipandikizi mara nyingi kuliko wasiovuta. Acha angalau wiki moja kabla na wiki nane baada. Ugoro na kuberi visikudanganye kwa kuwa havina moshi: nikotini ni ile ile, na kinachowekwa chini ya mdomo kinakaa karibu kabisa na kidonda.

Kuna dawa ambazo watu husahau kuzitaja kwa sababu hawazimezi kila siku. Dawa za kuimarisha mifupa kama alendronate, inayomezwa mara moja kwa wiki, au zoledronic acid, inayochomwa kwa dripu kwa wenye mifupa myembamba au saratani iliyofika kwenye mifupa, zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona na hata kufa. Aliyewahi kupigwa mionzi ya kichwa na shingo naye aseme, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Bibi akiletwa na mjukuu, mjukuu ndiye abebe mfuko wa dawa zote za bibi na kuuweka mezani.

La mwisho katika haya, na pengine la kwanza kwa uzito, ni fizi. Aliyepoteza meno kwa sababu fizi zilimwoza akiweka kipandikizi bila kutibu fizi zilizobaki, bakteria wale wale watahamia kwenye skrubu. Safisha ugaga wote kwanza, toa mizizi iliyobaki, kisha rudi baada ya wiki sita hadi nane fizi zikaguliwe upya.

Kwa wakazi wa Singida na maeneo mengine ambako maji ya visima yana floraidi nyingi, meno yenye madoa ya kahawia hayamzuii mtu kuwekewa kipandikizi. Ila rangi ya taji ichaguliwe mchana, kwenye mwanga wa dirisha, ukiwa umefungua kinywa, la sivyo utapewa jino jeupe la kiwandani katikati ya meno yenye rangi yake. Dawa ya kawaida ya mswaki yenye floraidi haina shida. Jeli za floraidi zenye tindikali, zinazopakwa kliniki, ndizo zisiguse titaniamu, kwa kuwa huichimba.

Hesabu safari kabla ya kulipa. Uchunguzi, upasuaji, kutoa nyuzi, ukaguzi wa mwezi, kufunua ufizi uliofunika skrubu, kuchukua umbo la kutengenezea taji, kufunga taji, ukaguzi baada ya taji: ni mahudhurio sita hadi nane. Anayetoka Kondoa, Mpwapwa au Manyoni aweke nauli ya safari zote hizo pembeni. Treni ya SGR imerahisisha kwenda Dar es Salaam na kurudi, lakini mtu aliyefungiwa skrubu Dar bado anahitaji daktari wa karibu atakayemwona saa nne asubuhi Jumamosi jino likitikisika. Na popote utakapokwenda, jina la daktari liwe kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Fundi wa meno wa mtaani hana kazi hapa.

Usiondoke bila kadi. Iwe na jina la mfumo wa kipandikizi, unene, urefu, namba ya toleo la kiwandani, jino lililowekwa na tarehe. Kuna mifumo mingi sana duniani, na kila mmoja una bisibisi yake ndogo na vipande vyake. Mtu aliyewekewa India akirudi Dodoma bila kadi anaweza kuzunguka kliniki tatu kwa skrubu inayohitaji mizunguko miwili tu, kwa sababu hakuna anayejua ufunguo wake. Piga kadi picha, itume kwa mtu wa nyumbani pia.

Siku kumi za mwanzo

Madaktari wengi hutoa dozi moja ya amoksilini gramu 2 saa moja kabla ya upasuaji. Inapunguza kushindwa kwa mapema. Kama penisilini inakudhuru, sema. Usiende dukani kuongeza antibiotiki kwa kubahatisha baada ya hapo.

Bana shashi kwa dakika 30 hadi 45 bila kuichungulia. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa shavuni dakika 20, pumzika 20, siku hiyo yote. Uvimbe utapanda hadi siku ya pili au ya tatu, kisha ushuke. Saa 24 za mwanzo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Donge la damu ndilo bandeji yako. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, mara tatu au nne kwa siku, ukiyaacha yatembee kinywani kwa kuinamisha kichwa. Ukipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, tumia mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na usiku, wiki moja hadi mbili na si zaidi, kwani hutia meno madoa. Acha nusu saa kati yake na dawa ya mswaki, maana zikikutana hupunguzana nguvu.

Ukiwekewa kipandikizi cha nyuma kwenye taya la juu, hasa kama mfupa uliongezwa chini ya ule uwazi wa kando ya pua, usipenge kamasi kwa wiki mbili na chafya itoke kinywa kikiwa wazi. Dodoma na vumbi lake la miezi ya Julai hadi Septemba, chafya haziepukiki. Funika pua kwa kitambaa ukiwa barabarani, na ukiweza panga upasuaji nje ya miezi hiyo.

Kuna dalili moja isiyongoja. Ganzi ya sindano hupungua ndani ya saa chache. Ikiwa jioni mdomo wa chini au kidevu bado ni kama si chako, piga simu usiku huo huo. Huenda skrubu inakandamiza mshipa wa fahamu, na ikirudishwa nyuma au kutolewa siku hiyo au kesho yake, hisia zina nafasi nzuri zaidi ya kurudi kuliko baada ya wiki.

Maumivu yanayorudi baada ya kuwa yamekwisha, usaha, ladha mbaya isiyoisha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya nne: yote hayo ni ya kwenda kliniki, si ya kumeza diklofenaki na kungoja.

Miaka inayofuata

Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini zinazohisi punje ya mchanga. Kipandikizi hakina nyuzi hizo, hivyo hakihisi. Changarawe iliyobaki kwenye mchele utaijua baada ya taji kumeguka. Mchele na uwele vichambuliwe kama zamani. Kwa sababu hiyo hiyo anayesaga meno usiku hajui anaponda kwa nguvu kiasi gani. Mke au mume wako akikwambia unasaga, mwambie daktari, na uvae kinga ya usiku iliyotengenezwa kwa umbo la meno yako.

Adui mkubwa wa miaka hii ni utando wa bakteria pembeni ya ufizi. Mwanzo wake ni ufizi mwekundu unaotoa damu ukiguswa. Katika hatua hii mfupa haujaguswa, na usafi mzuri pamoja na kukwanguliwa kliniki huweza kurudisha ufizi kama ulivyokuwa. Ikiachwa, uvimbe unashuka hadi kwenye mfupa, mfupa unaliwa kuizunguka skrubu kama maji yanavyokula ukingo wa korongo, na hapo matibabu ni magumu, mara nyingine upasuaji, na mfupa uliopotea haurudi wote. Haya yote huweza kutokea bila kuuma. Damu ndiyo sauti pekee utakayosikia.

Safisha mara mbili kwa siku kwa mswaki laini, ukiulaza nyuzi 45 kuelekea ufizi. Mti wa mswaki na kijiti cha mwarobaini vina heshima yake, lakini ncha ngumu huchubua ufizi wa kipandikizi, ambao haujashikamana imara kama wa jino. Kama huwezi kuviacha, vitumie kwenye meno mengine. Mkaa na majivu hukwaruza taji. Katikati ya meno tumia vibrashi vidogo ambavyo waya wake umefunikwa plastiki. Uzi wa kusafishia meno utumike kwa uangalifu: ukichanika, nyuzi zake hunasa kwenye skrubu iliyo wazi na kuanzisha usaha. Njiti ya kiberiti isiingie hapo kamwe.

Kama taji lilibandikwa kwa saruji ya meno badala ya kufungwa kwa skrubu, muulize daktari kama alipiga eksirei baada ya kubandika. Saruji iliyobaki chini ya ufizi, hata chembe kama ya chumvi, huweza kuleta usaha miezi au miaka baadaye. Penye uwezekano, taji la kufunga kwa skrubu ni chaguo bora, maana siku ya matatizo linafunguliwa bila kuvunjwa.

Eksirei ya siku taji linapofungwa ndiyo rejea yako ya maisha. Nyingine ifuate baada ya mwaka. Mwaka wa kwanza mfupa huweza kushuka kidogo, hadi milimita 1.5, na hilo hukubalika. Baada ya hapo kushuka kusizidi milimita 0.2 kwa mwaka. Bila picha ya kwanza hakuna wa kusema umeshuka kiasi gani. Ukaguzi ni kila miezi sita, na kila miezi mitatu kwa mvutaji, mwenye kisukari au aliyewahi kuugua fizi.

Kikilegea

Acha kutafuna upande huo papo hapo. Shika taji kwa vidole viwili safi. Likizunguka au kutoa mlio mdogo wa "tik" huku ufizi ukiwa mtulivu, huenda skrubu ndogo ndiyo iliyolegea. Nenda ndani ya siku chache ukiwa na kadi. Daktari ataifunga kwa nguvu ya kukaza iliyopangwa kwa mfumo huo, mara nyingi kati ya newtoni sentimita 15 na 35, na atatafuta kilichoilegeza, kwa kawaida taji linalogongana mno na jino la juu au la chini yake. Ukiendelea kulitafunia, skrubu hukatikia ndani, na kuitoa ni kazi ya saa nyingi. Taji likidondoka, lioshe, liweke kwenye kikopo chenye mfuniko. Gundi ya viatu au supa glu hairuhusiwi, hata kwa siku moja ya msiba au sherehe.

Skrubu kubwa yenyewe ikicheza, au ikiuma unapoigonga, haifungwi tena. Itolewe mapema, kwa sababu kila wiki inayobaki inachimba mfupa ambao utauhitaji baadaye. Mara nyingi hutoka kwa urahisi kwa sindano ya ganzi. Kidonda husafishwa, wakati mwingine huongezewa mfupa, na huachwa kwa takriban miezi mitatu, au zaidi kama usaha ulikuwa mwingi. Jaribio la pili linaweza kufaulu, ingawa nafasi yake ni ndogo kidogo kuliko la kwanza, kwa hiyo lisianze kabla daktari hajakwambia kwa maneno ya wazi la kwanza liliuawa na nini: joto, mzigo wa mapema, sukari, sigara, fizi, au mfupa mwembamba. Mwambie aandike sababu hiyo kwenye faili lako, chini ya namba ya skrubu iliyotolewa, na uondoke na nakala.